Maana ya Tatu

4 Februari

Kaka yangu, Bwana Nukta,

Salamu zangu zitangulie. Za Kifungo zingefuata, lakini binti yangu huyu amekataa nisiziandike mpaka umletee zile penseli za rangi ulizomwahidi. Anasema mjomba wake ana maneno mengi na mikono mitupu. Sijui amejifunza wapi kusema hivyo, usiniangalie mimi.

Jibu langu la mchezo wetu wa maneno: polychrome ni maana ya kwanza, kitu chenye rangi nyingi. Ile ya ndege anayelala huku akiruka ulijitahidi, lakini neno lenyewe nililitoa kwenye boksi la nyuzi, na ndani ya boksi sikuona ndege. Kwa hiyo naongoza tatu kwa moja.

Juzi Kifungo aliniuliza mchezo huu ulianza vipi. Nikamsimulia jinsi mchwa walivyokula kamusi ya Kiingereza ya babu yake, zikabaki sura tatu tu, ya H, ya P na ya Y, na jinsi mimi na wewe tulivyoapa kwamba neno halihesabiwi mpaka liwe na herufi zote tatu hizo na lisipungue herufi kumi. Nikamwambia mimi ndiye mwindaji na wewe ndiye mchinjaji: mimi naokota neno popote nilionapo, wewe unalitafutia maana tatu, mbili za uongo na moja ya kweli, nami nachagua. Akauliza, na mjomba akikosea je? Nikamjibu mjomba hakosei, ndiyo kazi inayompa ugali. Anasoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, akisaka makosa, na hakuna ukurasa unaopanda mtamboni kabla hajatia sahihi yake chini.

Sasa nikuchekeshe. Wiki iliyopita nilikuwa karakanani, nimeinama kuokota pini iliyodondoka chini ya cherehani, ghafla moyo ukaanza kunienda mbio kama cherehani ya mguu iliyokanyagwa na mlevi. Jasho likanitoka mpaka likadondokea sare ya mwanafunzi wa watu. Kichwa kikaniuma, mikono ikawa myeupe. Nikaona kabisa kwamba kuna mtu amesimama nyuma yangu na mkasi. Nikageuka, hakuna mtu. Baada ya dakika kumi hivi yakaisha, nikaendelea kushona mikono ya mashati. Wenzangu wamesema nimepatwa na shetani wa sare. Imetokea mara kadhaa sasa, saa za asubuhi hasa. Cheka basi, si ulikuwa ukiniona jasiri?

Neno la leo ni hypodermic. Nimeliona kwenye boksi mahali.

Mdogo wako,
Sindano


11 Februari

Sindano,

Nimecheka mpaka mpanga herufi wa meza ya pili akaniuliza kama barua imetoka kwa mchumba. Wewe? Wewe uliyekuwa ukinifukuzia panya jikoni mimi nikiwa nimepanda juu ya kiti? Uliyemshika nyoka kwa mkia na kumrusha ng'ambo ya ua mama akipiga kelele? Leo unaogopa pini. Nimefurahi kwa kweli, kwa sababu miaka yote nimekuwa mwoga peke yangu katika familia hii na upweke wake si mdogo.

Dawa yako ninayo. Lala mapema, punguza chai, na waambie wakubwa wa karakana waweke dirisha. Watu waliokaa kwenye joto kutwa nzima na mashine thelathini zikinguruma lazima waone watu wenye mikasi. Na kwa heshima ya hali yako nakupa zawadi neno moja bila mchezo: hypochondriac. Ni mtu mzima wa afya anayejisikia mgonjwa kila akikumbuka kwamba ana mwili. Liandike kwenye karatasi ulibandike juu ya cherehani.

Sasa kazi. Hypodermic. Ya kwanza: kitu cha chini ya ngozi, hasa sindano ya hospitali. Ya pili: farasi aliyekataa kupandwa. Ya tatu: hotuba ya mtu aliyeanza kusema bila kujua atamaliza vipi, kama za bosi wangu.

Kamusi kubwa ya maneno marefu tunayoichapa imefika herufi M. Natia sahihi kurasa kumi na mbili kwa siku, macho yamekuwa mekundu kama ya samaki wa jana. Mwambie Kifungo penseli zipo mezani kwangu, zinasubiri bahasha nene.

Kaka yako,
Nukta


18 Februari

Kaka,

Ni ya kwanza. Mkono wangu unalijua neno hilo.

Leo sina mengi. Nina neno moja, amenipa rafiki yangu wa hapa karakanani, limeandikwa kwenye karatasi aliyopewa mahali na anataka kujua maana yake. Nimelinakili herufi moja moja, nikalihakiki mara nne: phaeochromocytoma. Nimehesabu herufi kumi na saba. H ipo, P ipo, Y ipo, kwa hiyo usiseme halifai.

Nakuomba kitu. Safari hii vunja sheria. Niandikie maana moja tu, ile ya kweli, na uiandike haraka. Huyo rafiki anaogopa sana. Amekuwa mtu wa kushtuka, hata mtoto wake akifunga mlango anaruka.

Kifungo hajambo. Amepata alama nzuri za hesabu.

Mdogo wako


23 Februari

Mwindaji mkuu,

Umeua tembo. Herufi kumi na saba! Katika miaka yote hatujawahi kufika huko. Niliposoma barua yako nilisimama, nikaenda chumba cha kamusi bila hata kuaga, nikarudi nimejaa vumbi na furaha.

Kuhusu kuvunja sheria, jibu ni hapana. Tulipoapa tulitemea mate mikono, au umesahau? Mchezo ukikosa uongo wake si mchezo, ni shule. Mwambie rafiki yako avumilie wiki moja, hakuna aliyekufa kwa kusubiri maana ya neno. Hizi hapa, na safari hii nimejitahidi kuliko siku zote.

Ya kwanza: wino wa rangi wa zamani, uliokuwa ukiwapofusha wachapaji.

Ya pili: uvimbe mdogo unaoota kwenye tezi iliyokaa juu ya figo. Unamwaga ndani ya damu kitu kilekile ambacho mwili hukimwaga mtu anapofukuzwa na mbwa, ila hapa mbwa hayupo.

Ya tatu: hofu inayomshika mtu anayefanya kazi ya kukaa mahali pamoja, ya kurudiarudia, huku mawazo yakimzidi. Moyo humwenda mbio, jasho likamtoka, akahisi mtu nyuma yake. Si ugonjwa. Huisha yenyewe akipumzika na kuacha kuifikiria.

Haya, chagua. Nikishinda hili tunakuwa nne kwa mbili.

Nukta


2 Machi

Kaka yangu,

Ni ya tatu. Sikuhitaji kuisoma mara mbili.

Asante. Hujui umefanya nini. Rafiki yangu nilipompa maana hiyo alicheka mpaka akalia, akakaa chini sakafuni kati ya vipande vya vitambaa akilia na kucheka. Amesema sasa hana haja ya kwenda kokote. Leo amekula vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Nimemshonea Kifungo gauni kwa vipande vilivyobaki. Amelipenda, amelala nalo.

Mungu akulinde, wewe na kamusi zako zote.

Sindano


7 Machi

Kwako mshindwa,

Umekosea! Ni ya pili. Uvimbe, tezi, figo, mbwa asiyekuwepo, hiyo ndiyo kweli yenyewe kama ilivyo kwenye kitabu. Nne kwa mbili. Ile ya tatu nilikushonea wewe. Nilichukua vipimo kwenye barua yako ya Februari, moyo, jasho, mtu wa mkasi, nikakata, nikapiga pasi, na ukaivaa bila hata kujitazama kwenye kioo. Fundi ameshonewa na msoma prufu. Nitalisimulia hili mpaka

Nimeacha hapo juu saa nne asubuhi. Sasa ni saa nane mchana. Nilikuwa nataka kunakili maneno yako mwenyewe nikutanie nayo, nikaitoa barua yako tena. Hana haja ya kwenda kokote. Nimeisoma sentensi hiyo kama ninavyosoma prufu, neno moja moja kwa ncha ya kalamu. Kwenda wapi?

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Hypodermic uliiona kwenye boksi mahali, hukusema wapi. Mkono wako unalijua neno hilo. Rafiki amepewa karatasi mahali. Rafiki ana mtoto anayefunga milango. Moyo, jasho, kichwa, mikono myeupe, yote yanaanza ukiinama. Nimerudi chumba cha kamusi nikasoma maelezo mpaka mwisho, jambo ambalo sikulifanya siku ile kwa sababu nilikuwa na haraka ya kutunga uongo. Yote yamo. Mpaka kuinama kumo.

Mdogo wangu, huyo rafiki ni nani?

Naandika nimekaa kwenye ngazi za nje. Sikuichana sehemu ya juu kwa sababu sina karatasi nyingine hapa na basi linaondoka saa tisa. Nampa barua kondakta aifikishe karakanani mkononi mwako. Kama ni wewe, usibaki nyumbani. Kama walikupa dawa, zimeze. Kama walikupa tarehe, nenda. Ugonjwa huu una tiba, wengi wao hupona kabisa. Nijibu kwa basi hilohilo. Nijibu hata kwa neno moja.

Kaka yako


13 Machi

Kaka,

Ni mimi. Ulijua ni mimi.

Kondakta alinipa barua yako tarehe nane, mbele ya watu, nikaisoma kuanzia juu. Sijui kama unaelewa maana ya kuisoma kuanzia juu.

Nitakueleza yote mara moja halafu usiniulize tena. Januari nilizimia karakanani. Wakanipeleka hospitali, presha ikawa ya kutisha, halafu baada ya saa moja ikawa ya kawaida, wakashangaa. Wakanipa dumu nikusanye mkojo wa siku nzima. Wakanipiga picha za tumbo, wakanichoma sindano ambazo sikuzihesabu. Siku ya majibu daktari alizungumza nami kwa muda mrefu, na kwa upole, siwezi kumlaumu. Lakini aliposema upasuaji sikusikia kitu kingine tena. Niliona mdomo wake unasogea. Nilitoka na karatasi, vidonge, na tarehe ya kurudi kulazwa, tarehe tisa Machi. Nyumbani niliangalia karatasi ile, nikaona neno refu lenye herufi zetu tatu, nikajisemea, basi, kaka ataniambia. Niliona haya kurudi kwa daktari kumwambia sikusikia. Na sikutaka kukutisha.

Ulipoleta maana tatu nilichagua niliyoitaka. Vidonge nikaviweka juu ya kabati. Tarehe tisa ilipita nikiwa nimeshika barua yako, sikwenda. Tarehe kumi na moja ilinijia mbaya kuliko zote. Nilikuwa nimekaa tu, sikuinama hata kidogo. Nilikuwa na hakika kwamba nakufa, kaka, si kama mtu anavyosema nakufa, nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu. Kifungo alinishika mkono mpaka yakaisha. Ana miaka tisa. Aliniuliza, mama, unaogopa nini, nami sikuwa na cha kumwonyesha.

Sasa unaniandikia ugonjwa una tiba, wengi hupona kabisa. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nikajiuliza, hii ni ya ngapi? Ya kwanza, ya pili au ya tatu? Umenishonea na hii? Vipimo vyangu si unavyo.

Wala usiniambie niende. Mama alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, wakampasua, akafa juu ya meza ya upasuaji. Wewe ndiye uliyeniandikia barua ya habari hiyo. Nilikuwa mbali najifunza kushona, nikaisoma nimeshika mkasi, na tangu siku ile sijawahi kupita karibu na chumba cha upasuaji nikapumua sawasawa. Mimi naogopa kisu kuliko ninavyoogopa hili linaloniua. Nani atamlea mwanangu nikibaki mezani kama mama?

Sitacheza tena.


15 Machi

Mdogo wangu,

Naandika polepole. Nimekwisha kuanza barua hii mara tano na nimezichana zote tano kwa sababu kila moja nilijaribu kujipendeza ndani yake.

Mama hakufa mezani.

Hakuna kisu kilichomgusa. Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na ukimaliza kulisoma utakuwa na haki ya kutonijua tena.

Siku nilipompeleka hospitali, daktari alisema tumbo lile linatakiwa kufunguliwa siku ileile, tena bila kuchelewa. Mama aliogopa. Alinishika shati hapa kifuani akaniambia, mwanangu, nirudishe nyumbani, tusubiri kidogo, pengine litatulia. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa naogopa kuliko yeye. Niliogopa mlango ule, harufu ile, watu wenye barakoa. Yeye aliponiomba nilishukuru moyoni. Wakaniletea karatasi ya kukataa matibabu, nikatia sahihi bila kuisoma. Tukarudi nyumbani. Siku mbili alikuwa akisema ana nafuu kidogo. Siku ya tatu nilimbeba. Tulikaa kwenye benchi la koridoni, kichwa chake kikiwa kwenye paja langu, na akakata roho hapo kabla jina lake halijaitwa. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa mbele yetu, hatua kama ishirini. Hakuufikia.

Nilipokaa kukuandikia sikuweza kutia sahihi yangu chini ya ukweli huo. Nikaandika alifia kwenye operesheni. Ilikuwa rahisi. Madaktari wangelaumiwa na watu ambao hawatakutana nao kamwe, na wewe ungeendelea kuniita kaka. Sikufikiri kwamba utaubeba uongo huo miaka kumi na minne. Sikufikiri kwamba siku moja utakuwa umekaa mahali alipokaa mama, unaogopa mlango uleule, na kinachokuzuia kuingia ni mimi.

Watu huniuliza kwa nini nasoma kila ukurasa mara tatu kabla ya kutia sahihi. Sasa unajua ni kwa nini.

Kuhusu ugonjwa wako, usiniamini mimi. Nimechana ukurasa wenyewe kutoka kamusi ya magonjwa iliyo kiwandani na nimeuweka humu. Bosi akiona pengo nitafukuzwa, na afadhali. Wote ni wa Kiingereza. Upeleke kwa yule daktari mpole, mwambie hukusikia siku ile, mwambie akusomee mstari kwa mstari. Utamsikia akisema kwamba uvimbe huu mara nyingi si saratani, kwamba ukitolewa na mtu mwenye ujuzi hofu huondoka nao, na kwamba vidonge unavyopewa kabla ndivyo vinavyoulinda moyo usiruke wakati wa kupasuliwa. Ukurasa unasema pia kwamba upasuaji huu una hatari zake, sikuufunika mstari huo. Na unasema kitakachotokea usipotolewa. Soma na hapo.

Vidonge juu ya kabati, virudie baada ya kumuuliza yeye, si mimi.

Siombi msamaha leo. Naomba tu usisubiri kidogo.

Sahihi yangu nimeitia chini, kwa wino mweusi kama ninavyotia kazini. Nimeisoma barua hii mara tatu.

Kaka yako


19 Machi

Kaka,

Barua yako niliisoma juzi asubuhi, nikaenda kazini, nikashona kola kumi na sita, zote nikazishona ndani nje. Msimamizi akanirudisha nyumbani.

Nimekasirika hivi kwamba nimesahau kuogopa kwa karibu siku nzima. Nilimlilia mama upya, kaka, kana kwamba ameaga jana. Miaka yote hii nilikuwa nikiwachukia madaktari waliovaa kijani ambao hawakumgusa. Na wewe ukinitumia salamu za sikukuu.

Jana nilikwenda. Daktari alisoma ukurasa wako kuanzia juu mpaka chini, akauliza nani ameuchana, nikasema mtu wa familia. Akanisomea mstari kwa mstari. Hukudanganya hata neno moja. Nilimfanya arudie mstari wa hatari mara mbili na akaurudia. Halafu akaniuliza kwa nini sikuja tarehe tisa, nikalia tu, muuguzi akaniletea maji.

Wameniwekea tarehe saba Aprili. Kabla ya hapo ni vidonge, tena vingi, na maji, na presha kila siku mbili. Naviweka vidonge kwenye kikopo cha vifungo ili nisivisahau. Bado mambo yale yananijia, jana mara mbili. Naogopa sana. Naogopa nikiwa nimekaa, naogopa nikisuka nywele za mtoto, naogopa kuamka na naogopa kutoamka. Siwezi tena kutofautisha hofu inayotoka kwenye figo na ile inayotoka kwangu.

Njoo tarehe tano. Sijakusamehe. Njoo kwa ajili ya Kifungo, asikae na watu baki siku hiyo. Na kama daktari ataniuliza nani wa kutia sahihi kwenye karatasi ya kukubali upasuaji, nitasema ni wewe. Utaisoma kwanza.

Mdogo wako


28 Aprili

Kaka,

Kovu linawasha, daktari anasema ni dalili njema. Presha ya jana ilikuwa kama ya msichana. Nitakuwa nikipimwa kila mwaka, wamesema lazima, nami nimekubali bila kubishana.

Muuguzi mwembamba, yule uliyemwita kwa heshima kupita kiasi mpaka akadhani unamtania, ameniambia mambo yako. Anasema ulikaa kwenye benchi la koridoni tangu niingie mpaka nitoke, saa tano nzima, hukutaka chai, na Kifungo akalala na kichwa kwenye paja lako. Anasema ulisoma karatasi ya kukubali mara tatu, ndipo ukatia sahihi. Na anasema walipokuja kubandua tangazo la ukutani mbele ya benchi walikuta mtu amelisahihisha kwa wino mweusi, makosa manne. Nikamwambia simjui mtu huyo.

Kuhusu mama, sijamaliza. Baadhi nimekusamehe, nadhani ni ile sehemu ya kijana wa miaka ishirini na mbili. Ile sehemu ya miaka kumi na minne iliyofuata bado naizunguka. Utakuja, tutakaa, utanisimulia siku zile tatu zote, alikula nini, alisema nini. Hutaniruka hata sentensi moja. Nasikia bosi wako amekata siku saba za mshahara kwa ajili ya ukurasa. Amekuonea huruma.

Leo nimerudi karakanani kwa nusu siku, kazi nyepesi, kushona vifungo tu. Wenzangu wamenipangia kiti karibu na dirisha, lile ulilosema wawekewe, wameliweka kweli. Saa nne asubuhi, saa yake ileile, pini imenidondoka chini ya cherehani. Nikaiangalia kwa muda mrefu. Wote wakaacha kukanyaga cherehani, sikuwa nimejua kwamba miezi ile yote walikuwa wakinitazama. Nikashika ukingo wa meza, nikainama taratibu kwa sababu ya kovu, nikaiokota. Nikabaki nimeinama hivyo hivyo, nikasubiri.

Hakuna aliyesimama nyuma yangu.

Mdogo wako,
Sindano